Nilikuwa Nasema Natoka Morogoro

Kwa miaka 30 niliyoishi Dar es Salaam nilisema mimi ni mtu wa Morogoro. Niliwaambia hivyo waajiri wangu wa kazi za ndani, majirani wa Manzese na wenzangu wa upatu. Hata mwanamume aliyenioa nilimwambia hivyo hivyo. Siku tulipofunga safari ya kwenda kwetu kujitambulisha, basi lilipita Morogoro nami sikushuka. Aliniuliza, "Mke wangu, tunakwenda wapi?" Nililia mpaka Gairo.

Mimi ni Mgogo wa Mtumba, Dodoma. Leo naliandika hilo bila mkono kutetemeka, na nataka kushuhudia lililonifikisha hapa. Sikupata fedha wala cheo. Nilisikia mazungumzo ya watu wanaojua, kisha nikajifunza kuuliza.

Nilikwenda mjini mwaka 1988, nina miaka 16. Jikoni mwa nyumba ya kwanza niliyofanya kazi, wali ulipokwisha, mwenye nyumba alisema, "Mpeni huyo ukoko, Wagogo hawachagui." Waliokuwa mezani wakacheka. Mtaani nilikuta ni vilevile: ukitajwa Ugogo, watu wananyoosha kiganja mbele kama ombaomba wa barabarani. Wengine waliuita utani. Mimi kila nilipokiona kiganja kile kilinichoma, kwa sababu moyoni niliamini ni kweli. Niliamini kwetu ni nchi ya njaa kwa asili yake, kwamba Mungu alipogawa mvua alituruka, na kwamba watu wa kwetu ndivyo walivyo. Binti yangu alipoanza shule nilimfundisha aseme Morogoro. Nikawa nimemrithisha aibu yangu kabla hajaujua hata mlango wa bibi yake.

Njaa nilikuwa nimeiona kwa macho. Nililelewa na bibi mzaa baba, katika nyumba ya tembe yenye paa la udongo. Baada ya kupura uwele, watu wote walipokwisha kuondoka uwanjani, bibi alibaki ameinama, anaokota punje zilizodondoka, moja moja. Mtoto akibakiza tonge la ugali alichapwa kiganjani. Juu ya mafiga, penye moshi, alining'iniza kibuyu cha mbegu, na hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Mwaka mmoja mvua ilikatika mapema, tukashindia mlenda mtupu. Mama akamwomba afungue kile kibuyu angalau watoto walale wameshiba siku moja. Bibi alikitungua, akakipakata, akakaa nacho usiku kucha. Asubuhi alikirudisha mahali pake, hakijafunguliwa.

Nilimwona bibi yangu mkatili. Akikasirika alisema, "Mtunya utawarudia!" Sisi watoto tulidhani Mtunya ni mnyama wa usiku. Alifariki mwaka 1987, na mwaka uliofuata nikapanda basi la mjini.

Nilirudi mwishoni mwa 2018, mume wangu akiwa amekwisha kutangulia mbele ya haki. Habari zilikuwa zimeenea kwamba serikali inajenga wizara zake Mtumba, kilomita kama 17 mashariki ya mjini Dodoma, kwenye barabara iendayo Dar es Salaam. Nilikuta mashamba ya mtama niliyoyaacha yamepigwa vigingi na magari ya kokoto yanapishana usiku na mchana. Aprili 13, 2019 Rais Magufuli akauzindua Mji wa Serikali. Mimi nilikuwa nimefungua banda la chakula kwa ajili ya mafundi. Asubuhi chai na chapati, mchana wali maharage, na kwa wanaojua utamu wake, ugali wa uwele kwa mlenda.

Fundi mmoja aliniachia redio ndogo ya betri iwe rehani ya deni lake. Hakuirudia. Siku moja nakanda unga wa chapati, muziki ukaisha, kikaingia kipindi ambacho mtangazaji hukaribisha wasomi wakazungumza. Vipindi hivyo sikuvipenda. Niliona ni vya watu wa tai na vitabu. Ningebadili stesheni, ila mikono yangu ilikuwa imejaa unga.

Mgeni wa siku ile alikuwa mtu wa historia. Alieleza kwamba katika karne ya 19 misafara mingi mikubwa kutoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilipita Ugogo, na kwamba haikupita bure. Nchi ni kavu, na maji yalikuwa na wenyewe. Watemi wa Kigogo walitoza hongo, ndiyo kodi ya njia, kwa vitambaa, shanga na waya. Wapagazi kwa mamia walinunua nafaka za wakulima wetu. Wazungu waliopita njia hiyo, akina Burton na Stanley, waliandika wakilalamikia hongo za Ugogo. Niliacha kukanda. Kumbe kulikuwa na wakati waliokuja na mikono mitupu ni wengine, na wenye kutoa ni sisi?

Kisha mtangazaji akauliza ile njaa kubwa ya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia wenyeji waliiitaje. Mgeni akajibu: "Mtunya."

Ndugu msomaji, nilikaa chini palepale kwenye ndoo ya maji. Yule mnyama wa utotoni alikuwa na tarehe.

Mtunya ni njaa ya mwaka 1917 hadi 1920. Reli ya Wajerumani ilikuwa imefika Dodoma mwaka 1910, na vita ilipokuja ilifuata reli. Jeshi la Wajerumani lilichukua ng'ombe na nafaka za Ugogo. Julai 1916 mji wa Dodoma ukaingia mikononi mwa jeshi la Waingereza, nalo likachukua kilichosalia. Wanaume wakakusanywa kubeba mizigo ya vita, mashamba yakabaki na wazee na watoto. Ndipo mvua nazo zikakatika, watu hawana akiba ghalani wala ng'ombe wa kubadilisha kwa chakula. Mwaka 1918 homa ya mafua iliyozunguka dunia ikawakuta wamedhoofu. Inakadiriwa kwamba katika watu 150,000 wa Ugogo, 30,000 hivi walikufa. Ni mmoja katika kila watano. Jina lenyewe, Mtunya, lina maana ya kugombania. Na njaa ilipopita, alisema yule mgeni, nchi haikurudi ilivyokuwa. Watu walianza kutegemea kuuza mifugo na kwenda mbali kutafuta kibarua.

Nilijihesabia: bibi yangu alikuwa mtoto wakati ule. Alizaliwa kabla ya vita, na alisema wao walizaliwa saba akabaki yeye na kaka yake. Kumbe ile mikono iliyookota punje uwanjani ilikuwa imeshika nini? Lile tonge nililobakiza lilimkumbusha nani? Na kile kibuyu alichokipakata usiku kucha kilikuwa mavuno ya mwaka unaofuata, maana aliwaona waliokula mbegu. Bibi alikuwa amebaki hai, akatufundisha kubaki hai kwa njia pekee aliyoijua. Chapati hazikupikwa siku ile. Mafundi walikunywa chai tupu, na hakuna aliyelalamika.

Ushuhuda wa kweli hauruki palipokuwa na makosa, kwa hiyo naeleza na hili. Aibu iliponitoka, hasira ilichukua kiti chake. Kila aliyekaa kwenye mabenchi yangu nilimhubiria kwamba njaa zetu zote tuliletewa na wazungu. Mteja wangu mmoja, mwalimu mstaafu ambaye huja kunywa uji wa uwele, alinisikiliza siku tatu. Siku ya nne akasema, "Mama, na mvua iliyokatika nayo waliileta wao? Na njaa za miaka ya juzi je? Yule mtaalamu alikupa sababu nne, wewe umebaki na moja kwa sababu ndiyo inayokuponya." Nilikasirika. Lakini usiku, nikiwa peke yangu, nilikiri kwamba ndivyo nilivyokuwa nimefanya. Ukame ulikuwepo. Njaa ikawa mauti kwa sababu ukame ulikuta ghala limekwisha kufagiliwa.

Kesho yake mwalimu alikuja na kitabu kilichofunikwa kwa gazeti: Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika, cha Mathias Mnyampala, kilichotoka mwaka 1954. "Unajua huyu alizaliwa wapi?" Sikujua. "Ihumwa." Nilidhani nimesikia vibaya. Ihumwa ni jirani zetu, unakwenda kwa bodaboda. Mnyampala alizaliwa huko mwaka 1917, Mtunya ikianza, akaishi hadi 1969, akawa mwalimu, hakimu na mshairi mkubwa. Ni yeye aliyeeneza ngonjera, mashairi ya kujibizana ambayo kila mtoto aliyesoma shule za Tanzania amewahi kuyasikia jukwaani: huyu anatoa hoja, yule anapinga, mpaka jambo linaeleweka. Mimi mwenyewe niliwahi kughani ngonjera darasa la tano, na hakuna aliyeniambia kwamba mwenye sanaa ile alizaliwa jirani na kwetu.

Nikamuuliza mwalimu: yule wa redioni alijuaje mambo ya Mtunya, wakati hakuwepo? Alifurahi sana. "Hilo ndilo swali," alisema. Akanieleza kwamba mwanahistoria Mmarekani, Gregory Maddox, aliyekitafsiri kitabu cha Mnyampala kwa Kiingereza mwaka 1995, alikuwa ameandika juu ya Mtunya mwaka 1990, kwa kupekua nyaraka za wakoloni na kusikiliza wazee wa Ugogo. Hapo nikanyamaza. Wazee walisikilizwa na mgeni aliyevuka bahari. Bibi yangu alikuwa hai hadi 1987, na sisi wajukuu aliotulea hakuna aliyewahi kumuuliza, "Bibi, Mtunya ni nini?" Tulikimbia tu tukicheka. Alizikwa na habari zake zote.

Tangu siku ile nina maswali mawili. Kwa kila jambo nauliza: ilikuwaje? Na kwa kila anayenijibu nauliza: umejuaje? La kwanza lilinitoa kwenye aibu. La pili linanizuia nisidanganywe, na mimi nisidanganye wengine.

Tukaanza kukaa Jumamosi jioni, mafundi wakishalipwa, chini ya mgunga ulio nyuma ya banda. Tulianza watu watano. Mzee mmoja wa hapa Mtumba alituambia hatujaanzisha kitu kipya. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, kila wiki kikundi chao kilikusanyika kwenye redio, wakasikiliza kipindi, aliyejua kusoma akasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha hawakuruhusiwa kutawanyika mpaka wakubaliane watafanya nini. Nchi nzima watu wapatao milioni 2 walishiriki. "Sisi tulichimba vyoo," alisema. "Maneno yaliyoishia kwenye benchi hayakuhesabiwa." Tukaichukua kuwa kanuni yetu.

Jumamosi moja kijana wa mambo ya maji, mteja wa maharage, alikubali kubaki. Mzee akamtupia swali: Dodoma hunyesha miezi michache, Desemba hadi Aprili, na jua linakausha kila kitu, je, maji ya bomba ya mji huu yanatoka wapi? Kijana akachora kwa kijiti mchangani. Kaskazini ya mji, Makutupora, kuna mwamba uliopasukapasuka chini ya ardhi, na mji umekunywa maji ya visima vyake kwa miongo mingi. Mvua ya kawaida karibu yote hurudi hewani kabla haijazama. Yale maji ya chini hujazwa hasa na misimu michache yenye mvua kubwa kupita kiasi. Msimu uliojaza kuliko yote katika kumbukumbu ya miaka 55 ni ule wa Elnino, 1997 na 1998.

Watu waliguna. Mvua ile tuliilaani. Mimi nilikuwa Dar es Salaam, ikaja barua kwamba tembe la bibi limeanguka, nikatuma nauli yangu ya mwezi mzima wanunue miti. Leo naambiwa maji yale yale yaliyobomoa nyumba ndiyo yaliyozama chini, mji ukayanywa kwa miaka.

Nikainua mkono. "Mwanangu, umejuaje?"

Alisema tangu miaka ya 1950 watumishi wa maji waliteremsha kipimo visimani wakaandika kina cha maji kwenye madaftari. Wengine walistaafu, wengine walikufa, daftari likapokelewa na mwingine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa London walipokuja kuyasoma pamoja na rekodi za mvua, waliona jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelionyesha kwa vipimo vya muda mrefu namna ile, wakalitangaza kwa ulimwengu mwaka 2013. Wasomi walipata sifa, na walistahili. Mimi nilimfikiria karani wa maji, peke yake juani, anaandika tarakimu ambayo hajui itamfaa nani. Ni mwenzake bibi yangu. Wote wawili walitunza mbegu.

Jioni ile hatukutawanyika bure. Tuliamua kila nyumba yenye bati iweke mfereji na chombo cha kukinga, na mimi nilikuwa wa kwanza.

Maswali yale mawili yameokoa hata shamba. Tangu serikali ihamie hapa, ardhi ya Mtumba imekuwa lulu, na madalali wanapita nyumba kwa nyumba. Jirani yangu, mjane, aliletewa karatasi atie dole gumba. Aliambiwa mwanamke hana sauti juu ya ardhi, shemeji zake wamekwisha kukubali. Alikuwa amewahi kukaa chini ya mgunga wetu Jumamosi tuliyozungumza na mwanasheria, akasikia kwamba Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kupata na kumiliki ardhi sawasawa na mwanamume. Alimuuliza dalali, "Umejuaje kwamba sina sauti? Nionyeshe palipoandikwa." Dalali alisema atarudi na maandishi. Hajarudi. Mjane anavuna mtama wake.

Nisiseme uongo kwamba kila Jumamosi ni tamu. Kuna wasomi waliokuja wakasema saa nzima kwa maneno ya vitabu vyao, watu wakasinzia. Kuna mmoja ambaye msaidizi wake alikataza asiulizwe, hakualikwa tena. Kuna siku sisi wenyewe tuligombana kwa siasa mpaka sufuria likamwagika. Lakini nimejifunza kumtambua mjuzi wa kweli. Ukimuuliza amejuaje hakasiriki, anasogeza benchi karibu nawe.

Binti yangu sasa ni mama wa mtoto mmoja. Nilimwita, nikamweleza yote, kuanzia basi lililopita Morogoro hadi redio ya rehani. Nilimwomba msamaha kwa kumfundisha kukana kwao. Alinyamaza muda mrefu, kisha akatoa simu, akawasha kinasa sauti, akasema, "Mama, anza na bibi. Yule wa kibuyu." Tulirekodi hadi usiku. Nilichokikumbuka ni kidogo, lakini hakitazikwa nami.

Mwaka jana nilipanda uwele nyuma ya banda. Wakati wa kupura nilibaki uwanjani peke yangu, nikainama, nikaokota punje moja moja. Sikuwa na njaa.

Ndugu yangu unayesoma, pengine nawe una kwenu unakokuficha, au una mzee ambaye maneno yake unayaona ya kuchosha. Mjuzi akizungumza redioni, usibadili stesheni upesi, msikilize, kisha muulize amejuaje. Nawe msomi, ukija kijijini njoo na muda wa kuulizwa, maana sehemu ya unachokijua ilitoka kwa watu kama sisi. Lakini kabla ya hayo yote, nenda kwa mzee wako wiki hii. Mkalie karibu, umuulize neno moja alilokuwa akilisema nanyi mkacheka. Bibi yangu sikumuuliza. Wako bado yupo.